Blackfoot Crossing: nyota tano, kwa ajili ya baba mkwe wangu

Naanza na nyota zenyewe, tano, nisizungushe maneno. Hapa ni Blackfoot Crossing Historical Park, kwenye ardhi ya Siksika, Alberta, Kanada. Ukitoka Calgary unashika barabara kuu namba 1 kwenda mashariki, unapita Strathmore, unapita Gleichen, ukifika usawa wa Cluny unakata kulia unafuata vibao, yaani kama saa moja na kitu hivi. Nimeshaenda mara nyingi sihesabu ila hii ya juzi ndo nataka kuielezea kwa sababu tulienda ukoo mzima kutimiza mwaka tangu baba mkwe wangu afariki, na pia naona Waswahili wa Calgary na Brooks kila likizo mnaulizana mpeleke wapi watoto, na hii sehemu mnaipita kila siku mkiwa barabarani.

Mimi ni wa Tanga, nimeolewa na kijana wa Siksika. Kwa msiojua, Siksika ni moja ya jamii nne za Blackfoot, wenyeji wa asili wa huku, wengine ni Kainai na Piikani ambao nao wako Alberta, na Amskapi Piikani wako ng'ambo ya mpaka Montana, Marekani. Mpaka umechorwa katikati yao wao wakiwa ni ndugu wale wale, lugha moja, na baba mkwe alikuwa na shangazi zake Montana anaowatembelea kila kiangazi. Kama wewe ni Mmasai au Mdigo hili huhitaji kuelezwa mara mbili.

Siku ya kwanza napelekwa ukweni nilikuwa natetemeka, nimevaa dela nimetupia koti kubwa juu, sijui niamkie vipi, shikamoo haipo. Mzee akaniangalia kidogo, mrefu, misuko miwili ya nywele nyeupe imeshuka kifuani, akasema "Oki", salamu yao, nikajibu "Oki", basi. Hakuongea tena mpaka chai ikaisha. Nikajua nimekataliwa. Mara akachukua funguo za pikapu akaniambia twende, mume wangu akataka kunyanyuka akamwambia wewe baki. Akanileta hapa.

Hakunipeleka ndani ya jengo kwanza, alinipeleka mlimani kwenye kaburi la Crowfoot. Crowfoot ndo chifu mkubwa aliyeweka alama yake kwenye Mkataba namba 7, makubaliano ya ardhi na serikali, mwezi Septemba 1877, hapo hapo bondeni, mto Bow unauona chini umejikunja na miti yake. Alifariki Aprili 1890. Mimi nilitegemea anieleze vita na mikataba, yeye akanieleza habari za ubaba. Crowfoot alizika watoto wake wengi, maradhi yalikuwa yanawamaliza, na mmoja aliuawa na Wakrii, kabila jingine la wenyeji, ambao enzi hizo ni maadui kabisa. Baadaye, kama 1873, wakati wa amani, wakamuona kijana wa Kikrii anafanana na yule marehemu, Crowfoot akamchukua akamfanya mwanawe. Kijana huyo ndo Poundmaker, ambaye na yeye alikuja kuwa chifu mkubwa kwao. Mwaka 1885 serikali ikamfunga kwa kosa la uhaini, akatoka gerezani mgonjwa, na akiwa mgonjwa hivyo hivyo akasafiri kuja hapa kumuona baba yake wa kuasiliwa, akafia hapa Julai 1886 na akazikwa hapa. Mwaka 1967 watu wake wakaja wakayahamisha mabaki yake kuyarudisha kwao Saskatchewan, jimbo la jirani, na 2019 waziri mkuu wa Kanada akaenda kwao akatangaza kuwa hakuwa na hatia.

Baba alipomaliza akakaa kimya, upepo unavuma ule wa huku wa kukukata masikio, alafu akasema, kama Crowfoot alichukua mtoto wa adui yake, mimi nitashindwaje kuchukua mtoto ambaye wazazi wake hawajanikosea chochote. Nililia pale pale. Tangu siku ile sijawahi kumwita jina lingine zaidi ya baba, na yeye akipiga simu kwa mama yangu Tanga alikuwa anajitahidi kusema "shikamoo" kwa mama, mama anacheka anamwambia sisi ni rika moja hunipi shikamoo.

Sasa jengo. Limejengwa kwenye mteremko wa kilima, likafunguliwa 2007, na wazo lenyewe lilianza zamani, mwaka 1977 walipoadhimisha miaka 100 ya mkataba na Prince Charles wa wakati huo akaja mpaka hapa. Baba alikuwa kijana, alikuwepo juu ya farasi, picha yake ipo sebuleni kwetu. Kwa hiyo waliisubiri miaka 30. Ukiingia unaona paa lina vioo vilivyochongoka mfano wa tipi, lile hema lao la miti lililochongoka juu, mwanga unashuka kutoka juu, ndani kuna tipi zimesimamishwa, kuna mavazi, kuna vifaa vya kuwindia nyati, na maelezo yameandikwa na wenyewe Siksika siyo na mtu wa mbali. Hiyo kwangu ndo tofauti kubwa. Vijana wanaotembeza wageni wanaongelea babu zao, ukiuliza swali unajibiwa na mjukuu. Yule dada aliyetutembeza safari hii alimjua baba tangu mdogo, alipofika sehemu ya farasi akanyamaza kidogo akamuangalia mama mkwe, mama mkwe akamtikisia kichwa, endelea mwanangu.

Miaka ya nyuma tulishaenda makumbusho moja kwenye mji mmoja mkubwa, sitaitaja, tukakuta kifurushi kitakatifu kimefunguliwa kimewekwa ndani ya kioo, taa zinamulika, watoto wa shule wanapiga picha. Baba aligeuza uso akatoka nje akakaa kwenye gari mpaka tulipomaliza. Kwao vitu vile vina mlezi wake, vina nyimbo zake na msimu wake wa kufunguliwa, siyo vya kukodolea macho. Ndo maana aliheshimu sana sheria ya Alberta ya mwaka 2000 ya kurudisha vitu vitakatifu, makumbusho ya Glenbow ya Calgary ikarudisha vitu 251 kwa Blackfoot, na alikuwa anaitaja hiyo namba kama mtu anavyotaja idadi ya ng'ombe wake waliorudi zizini.

Kuna kitu hapa inabidi nikielezee vizuri. Mavazi ya Crowfoot yalikaa Uingereza, makumbusho ya mji wa Exeter, zaidi ya miaka 100. Shati la ngozi, suruali zake za ngozi, mikoba ya shanga, kisu, mjeledi wa farasi. Siksika wakadai kwa miaka, mwisho Mei 2022 wajumbe wakaenda wenyewe kuvichukua, wakavileta hapa. Baba alikuwa ameshaanza kuumwa, miguu haifanyi kazi vizuri, ila siku nilipomleta kuviona alikataa wheelchair, akashika mkono wangu na mkono wa mwanangu. Akasimama mbele ya lile shati. Shanga zimepangwa moja moja, ndogo kuliko mbegu ya ufuta, uzi umekaza mpaka leo, na kuna mahali rangi imefifia kidogo pale anapopinda kiwiko mwenye nguo. Baba akamuonyesha mwanangu hapo hapo kwenye kiwiko akamwambia, unaona, alikuwa mtu, alikuwa anakunja mkono kama wewe. Mwanangu na yeye akakunja mkono wake. Juni 2022 serikali ikasaini makubaliano ya dola bilioni 1.3 na Siksika, fidia ya mambo mengi ikiwemo karibu nusu ya ardhi yao iliyochukuliwa 1910, mtaani kote watu wanaongelea hela, nyumbani kwetu mzee anaongelea shati.

Nimewaambia alikuwa na misuko. Hiyo misuko ina habari yake. Alipokuwa na miaka saba alipelekwa shule ya bweni, ile mifumo ya serikali na makanisa, siku ya kwanza wakamkata nywele, na akiongea lugha yake anachapwa. Sasa ukisoma habari za Poundmaker utakuta gerezani hawakumkata nywele, kwa heshima ya Crowfoot. Baba alikuwa akifika hapo kwenye hadithi anashika msuko wake. Mfungwa wa uhaini kaachiwa nywele, mtoto wa miaka saba kakatwa. Hakuwa mtu wa kulalamika, 2008 serikali ilipoomba radhi bungeni kwa ajili ya shule hizo alisikiliza mpaka mwisho, akazima tv, akaenda kuwapa farasi maji. Ila wajukuu wote wa kiume aliwasuka mwenyewe, kila asubuhi akiwepo, mikono ile ya kuchunga na kuchomelea mabomba, vidole vinene, lakini anagawa nywele mafungu matatu taratibu kama anagawa chakula, anaongea nao Kiblackfoot humo humo. Mwanangu anajua Kiswahili cha kwangu na Kiblackfoot cha kiti cha babu, hivyo ndo nasemaga.

Msiba wenyewe sitauandika wote. Nitasema tu kwamba niliogopa nitakuwa mgeni na sikuwa mgeni, kulikuwa na kesha usiku kucha kama matanga ya kwetu, watu wanaingia na sufuria za supu na mikate ya kukaanga ambayo wallahi ni andazi bila iliki, wazee wanaomba, vijana wanapiga ngoma, halafu vitu vya marehemu vikagawiwa, tandiko la farasi kwa huyu, kofia kwa yule. Mimi nikapewa birika. Birika lile lile la chai ya siku ya kwanza.

Kwa hiyo juzi tulipotimiza mwaka mama mkwe akasema twende Crossing, hakuna aliyeuliza kwa nini. Wifi yangu alipika supu ya beri, zile saskatoon, ndogo za zambarau, wanazichuma bondeni kiangazi wanagandisha. Kabla ya kunywa kila mtu anatoa beri moja kwenye bakuli, anaishika, anaombea anayemkumbuka, anairudisha ardhini. Tukakaa kwenye nyasi nje, upande unaoliona bonde, hakuna aliyetuharakisha. Mwanangu alichimba kashimo kwa kidole, akaweka beri, akafukia, akaanza tena kufukua kuangalia kama bado ipo, mama mkwe akamshika mkono tu bila kumgombeza.

Mambo ya kujua kama mnaenda: pigeni simu kabla muulize siku na saa za kufungua maana msimu wa baridi na wa joto ni tofauti. Bebeni jaketi hata mwezi wa saba, huo upepo hauna mjadala. Viatu vya kufunga, kushuka bondeni ni mteremko wa kweli na kupanda ni mara mbili yake, wazee wabaki juu, mandhari ni ile ile. Mkifika kaburini ongeeni taratibu, msipande juu ya mawe mkapiga selfie, ni kaburi la mtu. Dukani kuna kazi za shanga za mafundi wa Siksika, bei siyo ya chini lakini kaa uangalie herini moja tu uhesabu shanga zake ndo uniambie. Na kiangazi unaweza kulala kwenye tipi, watoto wangu waliwahi kulala humo na babu yao, usiku kucha anawaonyesha nyota kupitia tundu la juu la moshi.

Wakati wa kutoka yule dada hakutuaga. Baba aliniambia zamani kwamba kwao hawasemi kwaheri, wanasema nitakuona tena, nikamwambia na sisi tunasema tutaonana, akafurahi sana, akawa anaisema hiyo kila tukiondoka kwake, "tutaonana", anaivuta ile o. Dada alisema ya kwao, mwanangu akajibu ya kwao vizuri kabisa, alafu akageuka dirishani gari likiwa linaondoka akasema na ya kwetu.

Tumeshaulizia tipi ya mwezi wa saba mwakani. Mama mkwe amesema anakuja, na nisisahau birika.