Mbuzi yule na mbuzi ile: miezi mitatu na programu ya kuwafundisha wahusika maana ya vitu

Mimi hutengeneza michezo midogo ya kompyuta hapa Ujiji, na mwaka huu nimekuwa nikijenga jiko la uani ambamo mhusika anayejiendesha mwenyewe anapika, anafagia na kuanua dagaa pasipo mimi kumwandikia kila hatua. Kwa ajili hiyo nililipia kwa miezi mitatu programu ambayo kazi yake ni kukipa kila kitu maelezo ya maana yake: ni kitu gani, kinashikwa wapi, kinabeba nini, na kikishatumika kinabadilika vipi.

Wazo lenyewe si geni. Katika The Sims, mchezo uliotoka mwaka 2000, friji ndiyo inayomtangazia mtu wa mchezoni kwamba inaondoa njaa, na ndiyo inayobeba maelekezo ya kutumiwa kwake, kwa hiyo kifaa kipya kikiongezwa mtu yule yule wa jana anakimudu. AI2-THOR, nyumba za kuigiza kwenye kompyuta zinazotumiwa na watafiti, nayo hukiwekea kila kitu alama zinazosema kama kinabebeka, kinafunguka, kinakatika au kinavunjika. Programu niliyoilipia inafuata njia hiyo, na kwa sufuria, ndoo na milango sina la kulalamika: nilitoa mlango wa mbao nikaweka wa bati, na mhusika akaufungua bila mimi kuongeza hata mstari mmoja.

Taabu ilianza kwenye mbuzi ya kukunia nazi. Nililiandika jina lake kwa Kiswahili, kamusi ya programu ikalipa maana ya mnyama. Mhusika akaenda uani, akarudi na majani, akayaweka mbele ya yale meno ya chuma na kusubiri. Watoto wa dada yangu walicheka hadi majirani wakaja kuchungulia. Nilipoifuta maana hiyo na kuiacha programu ikisie kwa umbo, ilikiona kifaa kuwa kigoda, na mhusika akakikalia, mikono magotini, akitazama ukuta. Kukaa hakukosea, maana mbuzi hukaliwa kweli. Alilokosa ni sababu ya kukaa.

Mtoto wa Ujiji hawezi kuchanganya, kwa kuwa sarufi yenyewe inawatenga: mbuzi yule anakula, mbuzi ile inakuna. WordNet, kamusi ya kompyuta ya Kiingereza iliyoanzishwa Chuo Kikuu cha Princeton mwaka 1985, hupangwa kwa mafungu ya maana, si kwa maneno, hata neno moja lenye maana mbili huingia katika mafungu mawili. Programu hii, walau kwa Kiswahili, imeng'ang'ania neno.

Marekebisho yalinichukua jioni mbili. Nilikigawa kifaa sehemu mbili, kiti na ulimi, nikaandika kwamba ulimi unahitaji kipande cha nazi mkononi na sinia chini, na kwamba kinachopatikana ni nazi iliyokunwa wala si tui, kwani tui lataka maji na kifumbu. Nilisahau kuandika kwamba nyama ya nazi huisha, na mhusika akaendelea kukuna kifuu kitupu mpaka nilipoizima kompyuta.

Zaidi ya hayo, programu huthibitisha kila maana mpya kwa intaneti, jambo linalokula bando bila huruma. Hata hivyo nimelipia mwezi wa nne, kwa sababu kumwandikia mhusika hatua moja moja ni kazi kubwa zaidi. Nazi sasa anakuna vizuri. Kanga bado anaijua kuwa vazi tu, na kila nikimtuma maji anajitwika ndoo bila kuikunja kanga hiyo iwe kata ya kichwani.