Tambi za Kusukuma kwa Mkono Njiro: Maoni ya Aliyesoma Bologna

Nilisoma miaka miwili Bologna, mji wa kaskazini mwa Italia ambao chuo kikuu chake huhesabiwa kuwa kilianza mwaka 1088, na huko nilijifunza pia namna ya kukaa mezani. Hilo ndilo lililonifanya nisite kuingia katika mgahawa wowote wa Kiitaliano tangu niliporudi Arusha, kwa kuwa mara mbili nilizojaribu niliwekewa tambi zilizolegea kama uji na rojo la nyanya lenye sukari. Mwezi uliopita rafiki yangu alinishawishi twende kwenye mgahawa mdogo wa meza nane hivi upande wa Njiro. Jina lake ninalihifadhi, kwa kuwa yale niliyoona yana kasoro nimemweleza mwenye mgahawa ana kwa ana, naye amenisikiliza vizuri.

Niliagiza tagliatelle kwa ragù, yaani tambi pana kwa rojo la nyama ya kusaga, chakula ambacho ndicho kipimo cha Bologna. Wengi wetu tunakijua kama spageti bolonyezi, lakini katika mji wenyewe ragù huliwa na tambi pana za mayai, na wenyeji wanalichukulia jambo hilo kwa uzito kiasi kwamba mwaka 1972 upana rasmi wa tagliatelle uliandikishwa katika Chemba ya Biashara ya Bologna: milimita 8 zikiwa zimeiva. Sababu yake ni ya kupikia kabisa. Unga uliokandwa kwa mayai na kusukumwa kwa kifimbo cha mti juu ya ubao wa mti hubaki na mikwaruzo midogo sana, na nyama ya kusaga hushika hapo, ilhali spageti nyembamba yenye utelezi huiacha nyama yote chini ya sahani.

Mama mwenye nyumba niliyopanga alikuwa akisukuma tambi kila Jumapili. Alipima yai moja kwa kila gramu 100 za unga, bila maji, akakanda, akaliacha donge lipumzike, kisha akalisukuma hadi likawa kama shuka. Alipomaliza aliinua shuka hiyo ya unga kwa mikono miwili mbele ya dirisha ili aone kama nuru inapenya, na kama haikupenya aliirudisha ubaoni bila kusema neno.

Kwa hiyo sahani ilipofika hapa Njiro nilichota tambi mbili tatu kwa uma na kuzitazama kwanza. Kingo zake hazikulingana, ishara kwamba zilikatwa kwa kisu. Rangi yake ilikuwa ya kiini cha yai la kienyeji. Na nilipozitafuna zilikuwa laini lakini hazikulegea. Ragù nayo ilikuwa imepikwa kwa moto mdogo hadi mafuta yakajitenga juu, ikiwa na karoti, kitunguu na selari zilizokatwa ndogo mno, nyanya kidogo tu, na maziwa ya kupunguza ukali wa nyanya hizo. Kanuni iliyoandikishwa Bologna mwaka 1982 inataka pia divai na pancetta, ambayo ni nyama ya nguruwe. Mhudumu alitueleza bila kuulizwa kwamba wao wanatumia nyama ya ng'ombe peke yake na hawatii divai, ili wateja Waislamu wale bila wasiwasi. Naona uamuzi huo ni wa haki kwa mji kama Arusha, na ladha haikuharibika.

Kasoro kubwa iko kwenye upangaji wa mlo. Kwa Waitaliano chakula huja kwa zamu: tambi au supu kwanza, kisha nyama au samaki pamoja na mboga zake, na kila sahani hungoja iliyotangulia iondolewe. Sisi tuliletewa supu, tambi na kuku karibu kwa wakati mmoja, na meza ikajaa hadi glasi zikakosa mahali. Tambi za mayai hazisubiri mtu. Zikipoa hushikana, kama mtori unavyogandamana ukiachwa bakulini. Kasoro ya pili ni jibini. Ninaelewa kwamba Parmigiano Reggiano ni ghali, kwa sababu gurudumu moja la jibini hiyo hula maziwa takribani lita 550 na ni lazima likae miezi 12 kwa uchache, lakini ule unga mkavu wa kopo tuliowekewa haukuwa na harufu ya jibini hata kidogo. Jibini ngumu inayotengenezwa hapa nchini, ikikwaruzwa mbele ya mteja, ingeipa heshima ragù ile.

Kahawa ya mwisho ilinigusa kwa namna ambayo sikuitarajia. Kwetu Machame kahawa ilikuwa ya kupeleka kwenye chama cha ushirika, na nyumbani tulikunywa chai. Nililazimika kufika Bologna ndipo nikaizoea, nikiinywa nimesimama kaunta, kikombe kidogo cha mafunda matatu baada ya chakula cha mchana, kwa kuwa huko kapuchino, yaani kahawa ya maziwa, ni ya asubuhi. Hapa Njiro wanatumia arabika ya Kilimanjaro, na ile espresso ilikuja ikiwa nzito, na povu la rangi ya asali juu yake.

Bili ya watu wawili ilikuwa shilingi 78,000, bei isiyo ya kila wiki, lakini ninaiona halali kwa kazi ya mikono iliyo nyuma yake. Jumamosi iliyofuata nilirudi, nikaomba sahani ziletwe moja baada ya nyingine. Tambi zikaja peke yake, zikifuka mvuke. Tulipozimaliza, yule mhudumu alisogea taratibu, akauliza, "Dada, nilete kuku sasa, au bado mnaongea?" Tukamwambia bado kidogo.