Rula ya mraba ya kunyooshea bloku za viraka: mimi nimeipenda hii, seti nzima sijui

Haya wapenzi, karibuni tena, niko hapahapa Moshi, jua la leo usipime! Mmeniulizia sana hii seti ya kushonea mashuka ya viraka: mkeka wa kukatia, kisu cha gurudumu na rula ya plastiki inayoonyesha kilicho chini. Kisu mnakijua, wembe wa duara wa milimita 45, sina haja ya kukieleza. Walioanzisha visu hivi ni OLFA wa Japani, 1979. Hiki si chao, na kinajionyesha.

Twende kwenye rula. Inchi 12 na nusu kila upande, na huu mstari wa pembe hadi pembe. Sasa mimi nina mfuko wa bloku za vitenge zilizobaki, yaani vile viraka vilivyoshonwa pamoja vikawa mraba mmoja, kila moja na saizi yake. Shika hii, inchi 9 na nusu. Nimeizungushia vipande vya upana wa inchi 2 na nusu pande zote nne. Kila mshono unakula robo inchi huku na robo kule, kwa hiyo imefika 13 na nusu. Imepinda, mnaona? Iacheni. Rula juu, mstari ulale kwenye pembe za bloku. Kata kulia. Kata juu. Geuza bloku, pande ulizokata zikae kwenye alama ya 12 na nusu, kata zilizobaki. Jamani! Ikiungwa na wenzake inabaki 12 kamili. Na hii nyingine rula nimeiinamisha makusudi, kidogo tu, bloku ya katikati ikaonekana inacheza. Bloku ya nyota, ya mistari, hata ile aliyokata mtu ana haraka zake, zote zinaingia shuka moja.

Ila rula inateleza juu ya kitenge kipya, inakera! Bandika vipande vya msasa chini ya pembe, itatulia. Mkeka usiuache garini na jua hili, ukishajikunja ndio basi. Kisu nacho, kile kifuniko cha wembe kinajifungua chenyewe. Mwenye watoto asikilete ndani.

Seti ni 85,000. Rula peke yake nimeiona Arusha kwa 25,000. Aah, sasa hiyo 60,000 ya nini? Chora kwa chaki kufuata rula, kata na mkasi wako mkali, unachelewa kidogo tu. Na wale wa rula ya mbao ya fundi: haikuonyeshi kitambaa cha chini, tusibishane. Hela iliyobaki pitia soko la Memorial hapa Moshi, chukua blanketi jepesi la mtumba, ndilo la kuweka katikati ya shuka.

Video sasa zitatoka Jumapili jioni, si Jumatano. Ijayo tunashona tabaka zote tatu, viraka juu, blanketi katikati na kitambaa cha chini, kwa cherehani ya miguu. Vitenge vyekundu viloweke kwanza, vinachuja. Niandikieni hapo chini saizi za bloku mlizonazo, niwapigie hesabu ya vipande vya kuzungushia.