Begi la Ngumi kwa Mazoezi ya Nyumbani: Uliza Kwanza Limejazwa Nini

Malalamiko ya wasomaji kuhusu mabegi ya ngumi yanafanana mno. Mtu amenunua begi ili afanye mazoezi nyumbani, amelitundika, amelifurahia kwa muda, kisha sehemu ya chini ikaanza kuwa ngumu, sehemu ya juu ikalegea hadi ngumi ikawa inazama, na kifundo cha mkono kikaanza kuuma. Anapomrudia muuzaji huambiwa kwamba tatizo ni lake, kwa kuwa hajui kupiga. Jibu hilo ni la dharau, na mara nyingi si la kweli.

Katika mwongozo huu sitajishughulisha na rangi, upana wala umaridadi wa ngozi, kwa sababu hayo kila mnunuzi huyaona mwenyewe kwa macho. Ninachopanga hapa ni aina za mabegi kwa kufuata kasoro moja ambayo wauzaji hawaitaji na wanunuzi wapya hawaiulizii, nayo ni kujishindilia kwa kile kilichojazwa ndani.

Mabegi mengi ya kutundikwa hujazwa matambara yaliyokatwakatwa, vumbi la mbao, mchanga, au mchanganyiko wa hivyo. Kila begi linapopigwa na kuyumba, vipande vidogo hupenya katikati ya vile vikubwa na kushuka, na uzito wa vilivyo juu huvikandamiza vilivyo chini. Theluthi ya chini hatimaye huwa ngumu mithili ya nguzo ya zege, mshono wa kitako hutanuka, na juu hubaki uwazi ambao ngozi hujikunja ndani yake. Mchanga uliomwagwa ndani bila kufungwa ni mbaya zaidi, hasa ukipata unyevu, kwani huganda na kuwa bonge.

Mwanamichezo mzoefu huhisi mabadiliko hayo mapema na kurekebisha mapigo yake. Anayeanza hawezi, kwa sababu bado hajazoea kugonga kwa vifundo viwili vya kwanza, yaani cha kidole cha shahada na cha kidole cha kati, huku mkono ukiwa umenyooka kutoka kwenye kiwiko. Ngumi yake hutua kwa upande wa kidole cha mwisho, na mfupa wa kiganja unaoshikilia kidole hicho ni mwembamba. Kuvunjika kwake karibu na kifundo cha kidole ni jeraha linalojulikana sana miongoni mwa watu wanaopiga vitu vigumu. Kwa hiyo begi lililojishindilia humuumiza zaidi yule hasa ambaye liliuzwa kwake kama chombo cha kuanzia mazoezi.

Hapa ndipo linapokuja suala la uzito, na siwezi kulipita bila kulalamika. Kanuni inayorudiwa na makocha wengi ni kwamba begi liwe na uzito unaokaribia nusu ya uzito wa mpigaji, kwa hiyo mtu wa kilo 70 atafute begi la kilo 35 hivi. Kanuni hiyo haina ubaya wowote. Ubaya uko kwa wanaoitumia kuuza. Matambara peke yake ni mepesi na hujaza nafasi kubwa, na njia rahisi ya kufikia kilo zilizoandikwa kwenye lebo ni kuongeza mchanga. Mnunuzi hulipia kilo hizo, hulipia tena usafirishaji wake, kisha kilo zenyewe ndizo zinazoshuka chini na kumharibia begi. Tangazo litataja kilo, aina ya ngozi na idadi ya cheni, lakini neno moja kuhusu kilichomo ndani halimo. Muuzaji asiyeweza kukwambia begi limejazwa nini hastahili fedha zako, hata akikuongezea glovu za bure.

Nafasi ya kwanza ninalipa begi linalouzwa likiwa tupu, lenye zipu au kamba juu, ambalo unalijaza mwenyewe. Sifichi kwamba napendelea Fairtex ya Thailand, ambayo mabegi yake marefu ya futi 6 yametengenezwa kwa ajili ya ngumi za Thailand, yaani Muay Thai, na hupatikana pia bila kujazwa. Urefu huo una faida mbili: anayetaka kupiga mateke ya chini ana mahali pa kuyapeleka, na begi refu haliyumbi hovyo kama fupi. Nakiri kwamba begi refu na jembamba hujishindilia upesi kuliko fupi na nene, kwa kuwa matambara ya chini hubeba mzigo mkubwa zaidi. Tofauti ni kwamba hili unaweza kulifungua, ukatoa vilivyomo na kuvipanga upya, ilhali begi lililoshonwa kiwandani na kufungwa kabisa likishaharibika limeharibika. Twins Special, nayo ya Thailand, inafuata kwa karibu.

Kazi ya kujaza inahitaji subira. Tumia nguo kuukuu za pamba na uzikate vipande vya kiasi cha kiganja, baada ya kuondoa vifungo, zipu na kila kitu kigumu, kwa maana kifungo kimoja kilichojificha karibu na ngozi kitakuja kukuchubua vidole. Jaza tabaka moja moja, ukishindilia kila tabaka kwa gongo lenye kichwa bapa kabla ya kuongeza jingine, na usiache nafasi kwenye kingo. Ukihitaji uzito zaidi, funga mchanga kwenye vifuko vidogo vilivyozungushiwa utepe wa gundi mara kadhaa, uviweke katikati ya begi na kuvitenganisha kwa matambara mengi, visije vikakutana vyote chini. Begi jipya litashuka kidogo hata ukishindilia vizuri. Likishuka, fungua juu, ongeza matambara, funga.

Nafasi ya pili ni begi la maji, na katika kundi hili jina la kutafuta ni Aqua Training Bag ya Marekani. Kwa kigezo changu lilistahili kuwa la kwanza, kwa sababu maji hayajishindilii hata siku moja: pigo la mwezi wa kwanza na pigo la mwaka wa tatu hupokelewa vilevile, na mgandamizo wake ni wa upole kwa viungo. Limezuiwa na mambo mawili. Umbo lake la tone ni zuri kwa ngumi za kuzungusha na za kutokea chini, lakini halimpi mtu urefu wa kufanyia mazoezi ya mwili mzima, na mateke ya chini hayana pa kutua. Pili, lita moja ya maji ni kilo moja, hivyo lile la inchi 21 likijaa hukaribia kilo 86, na hapo swali si begi tena bali ni dari. Asiyepiga mateke na mwenye boriti imara achukue dogo lake la inchi 15, linalofika kilo 34 hivi, na asinisikilize tena.

Nafasi ya tatu ni begi la kusimama lenyewe, na Wavemaster ya Century ndilo mfano unaojulikana zaidi. Ndani yake kuna sponji iliyozunguka mhimili, kwa hiyo hakuna kinachoshuka. Udhaifu wake uko kwenye kitako, ambacho hujazwa maji au mchanga: kikijazwa maji huteleza sakafuni kila pigo la nguvu linapotua, na unajikuta unalifukuza begi chumbani. Jaza mchanga mkavu, ambao kwa ujazo uleule huzidi maji uzito kwa takriban mara moja na nusu. Kwa mpangaji asiyeruhusiwa kutoboa dari, hili huwa ndilo chaguo pekee.

Nafasi ya nne ni begi lililojazwa kiwandani, ambalo ndilo linalonunuliwa zaidi. Everlast, jina lililoanza New York mwaka 1910, huuza mabegi ya viwango vingi vinavyotofautiana sana, kwa hiyo nembo peke yake haitoshi kukuhakikishia chochote. Ukilazimika kununua la aina hii, tafuta mambo mawili. Liwe na zipu au kamba inayofunguka, na liwe na pete ya chuma chini kama ile ya juu, ili uweze kuligeuza kichwa chini miguu juu kila baada ya miezi michache na kurudisha uzito ulikotoka. Pete hiyo huongeza gharama ndogo sana kwa mtengenezaji, na bado wengi huiacha. Kabla ya kulipa, lilaze begi sakafuni na ulikandamize kwa goti kutoka juu hadi chini. Tofauti ya ugumu ikiwepo begi likiwa jipya dukani, itakuwa kubwa zaidi likiwa kwako.

Mabegi ya kujazwa upepo ni rahisi na ni ya watoto. Yale ya bei ya chini kabisa yenye ngozi bandia nyembamba na vumbi la mbao siyapangi popote.

Mahali pa kutundika pasiharakishwe. Ubao wa jasi hauwezi kubeba begi, hata dogo. Skrubu zipitie kwenye boriti ya mbao au ziingie kwenye zege kwa nanga za chuma, na pawe na kiungo kinachozunguka ili cheni isijipinde. Springi kati ya dari na cheni hupunguza mtikisiko, jambo ambalo jirani wa ghorofa ya juu atalithamini kuliko wewe.

Bajeti ikibana, usipunguze kwenye bandeji za mikono na glovu. Bandeji ziwe na urefu wa mita 4.5 hivi, zizungushwe kwenye kifundo cha mkono, kwenye kiganja na katikati ya vidole, na glovu ziwe za aunsi 14 au 16. Anza na raundi za dakika 2 zenye dakika 1 ya mapumziko, kwa kuwa zile dakika 3 za ngumi za kulipwa ni ndefu kuliko zinavyoonekana kwenye televisheni. Kila mwanzo wa mwezi, kabla ya kuvaa glovu, likandamize begi kwa vidole juu, katikati na chini. Chini kukiwa kugumu, siku hiyo piga juu ya kiuno tu, kisha ufungue zipu.