Madigadi ya kupimiwa: kazi ya fundi bati wa Gerezani kwenye Honda CG125 yangu

Kama una pikipiki ya zamani na madigadi ya nyuma imeoza, usimalize soli ya kiatu ukizunguka Kariakoo, Dar es Salaam, kutafuta ya dukani. Shuka mtaa wa jirani wa Gerezani kwa wafua bati, upimiwe. Mimi nimetengenezewa moja kwa ajili ya Honda CG125 yangu, imekula masika nzima ikiwa juu ya chombo, na sasa naweza kuizungumzia kwa uhakika, uzuri wake na kasoro zake.

CG125 ni pikipiki iliyoanza kuuzwa mwaka 1976, na injini yake imeigwa na viwanda vingi vya China, kwa hiyo spea za injini hazinisumbui hata kidogo. Tatizo ni bodi. Madigadi za pikipiki za Kichina ukizitazama kwa mbali unaona ndiyo yenyewe, ila ukiipachika, matundu ya bolti yanakataa, au inakuwa fupi na matope yanakurukia mgongoni. Kuna duka nililouziwa ya plastiki, muuzaji ananihakikishia kuwa inaingia bila kuguswa. Ikabidi itobolewe upya ndipo ikakaa, na ilipasuka kwenye matundu hayohayo mapya.

Mimi ni fundi umeme wa majumbani, naishi Kigamboni, ng'ambo ya kivuko. Nyuma nabeba sanduku la zana, drili na marobota ya nyaya, na njia zangu nyingi ni za vumbi na mchanga. Upepo wa bahari nao hauna huruma na chuma. Kwa hiyo nilikuwa nataka kitu kizito, kilichokaa sawasawa, ambacho hakitanirudisha kwa fundi kila baada ya miezi michache.

Karakana niliyoelekezwa haina kibao. Iko katikati ya watu wanaotengeneza masanduku ya bati, ndoo na majiko, na mwenyewe ni mzee wa makamo anayefanya kazi na vijana wawili. Nilimwamkia, nikamwonyesha madigadi kuukuu iliyokatika, nikategemea ataichukua aiweke juu ya bati na kuchora mzunguko wake. Hakuigusa. Aliniambia, "Hiyo imeshapinda, itanidanganya. Nitapima kwenye chombo chenyewe."

Hapa ndipo nilipoanza kumheshimu. Pikipiki ikiwa kwenye stendi kubwa, tairi la nyuma linaning'inia, na mtu anaona nafasi tele kati ya tairi na bati. Pakia abiria na mzigo, gonga tuta, tairi linapanda juu na kusaga madigadi kwa ndani. Mzee alipima kwa rula sehemu ya fito ya shokapu inayoweza kuzama, kisha akafungua bolti za chini za shokapu zote mbili na kuinua tairi kwa kabari za mbao hadi kimo kilekile, asizidishe wala asipunguze. Halafu akasogeza ekseli nyuma mpaka mwisho wa nafasi ya kukazia cheni, kwa sababu cheni ikilegea kwa uzee, tairi zima linarudishwa nyuma. Hapo sasa ndipo alipopima, akaacha nafasi ya vidole viwili juu ya tairi. Nimeshapita kwa mafundi wengi wa pikipiki na sijawahi kuona mmoja wao akifanya hivyo.

Bati alilochagua ni jeusi, geji 18, yaani unene wa takriban milimita 1.2. Nilimuuliza kwa nini asitumie lile jeupe lenye zinki, maana silipendi suala la kutu. Akanijibu kwamba zinki ikichomelewa inatoa moshi unaompa fundi homa, na tena pale unapochomelea zinki inaungua yote, kwa hiyo kutu inaanzia palepale kwenye maungio. Kuhusu mabati ya kuezekea hakutaka hata tuzungumze. Ni membamba mno, mtetemo wa injini ya silinda moja unayachana.

Kazi ya kulipa umbo ningeweza kuitazama kutwa. Ana gogo la mti lililochimbwa bonde katikati. Alilaza utepe wa bati juu ya bonde hilo na kuanza kugonga katikati tu, kwa nyundo yenye kichwa cha duara, mapigo mepesi yaliyofuatana karibu karibu. Bati la katikati linatanuka, la pembeni linabaki lilivyo, na kadiri alivyoendelea ule utepe ulianza kujikunja wenyewe kufuata mviringo wa tairi. Hakuna aliyeupinda. Kila baada ya muda aliuegesha kwenye tairi, akachungulia mwanga unapita wapi, akarudi kwenye gogo. Mwisho alihamia kwenye fuawe na nyundo bapa, akafuta alama za mapigo. Ukipitisha kiganja leo juu ya rangi huhisi bonde lolote, isipokuwa mkiani ambako kuna mawimbi kidogo kama utayatafuta kwa vidole.

Ukingo ndio uliobeba siri ya wafua ndoo. Hakuukata na kuuacha. Aliukunja juu ya waya wa chuma kuanzia mwanzo hadi mwisho, kama mdomo wa ndoo. Hakuna sehemu inayokata mkono unapoosha, na bati zima limekaza, ukilishika mkiani na kulitikisa halichezi. Nilihofia maji yangeingia ndani ya mkunjo huo na kuozesha kimyakimya. Kumbe kabla ya kufunga alipaka grisi ndani. Huhitaji kumkumbusha.

Kwenye bolti nako alitulia. Kila tundu limewekewa kipande cha bati cha ziada kwa ndani kilichochomelewa, na katikati ya madigadi na fremu kuna washa za mpira alizokata kwenye tyubu kuukuu. Kisha akanikataza kitu kimoja: keria, ile fremu ya kubebea mzigo nyuma, isifungwe tena kwenye madigadi. Fundi aliyenifungia keria miaka ya nyuma aliishikiza palepale, kwa hiyo uzito wa sanduku langu lote ulikuwa unaning'inia kwenye bati. Mzee aliipachika keria kwenye fremu na bolti za juu za shokapu. Madigadi sasa inabeba taa, indiketa na kibao cha namba tu.

Sasa kasoro, maana zipo.

Siku ya ahadi kazi haikuwa tayari, na hakuna aliyenipigia simu kunizuia. Nilivuka na kivuko asubuhi na kukuta utepe wangu umesimamishwa ukutani. Mtu anayeishi kwa kazi za mkono anapoteza riziki ya siku kwa namna hiyo. Wapigie wewe kabla ya kutoka nyumbani.

Umeme wao siupendi kabisa. Waya wa taa ya nyuma walipitisha kwenye tundu tupu la bati, bila mpira wa kuuzuia usikwaruzwe, na viungo vikafungwa kwa tepu peke yake. Kwa mtetemo wa pikipiki, tundu kama hilo linamenya waya mpaka shoti, na fyuzi ikikatika usiku huna taa nyuma. Aidha, waya wa hasi waliukaza kwenye bolti iliyokaa juu ya rangi ya fremu, na rangi haipitishi umeme, kwa hiyo indiketa zilikuwa zinawaka kwa kusuasua. Mimi nilivua kila kitu usiku uleule, nikaweka mpira tunduni, nikachomelea viungo kwa risasi na kuupeleka waya wa hasi moja kwa moja kwenye chuma kitupu cha fremu. Wewe kama si fundi umeme, chukua pikipiki ikiwa na nyaya zimening'inia, umpelekee mtu wa umeme wa pikipiki akumalizie.

Rangi vilevile wasikupakie wao. Wana kopo la rangi nyeusi na brashi, na wanapaka bila kusafisha mafuta ya mikono. Nilikataa, nikaichukua ikiwa tupu, nikaipeleka kwa mpaka rangi wa magari: msasa, praima mikono miwili, kisha rangi, na upande wa chini lami ile ya kuzuia kutu ya chini ya magari. Usiilaze bati tupu nyumbani kwa siku nyingi, hasa ukiwa pwani. Itaanza wekundu kabla hujaipeleka.

Gharama: mzee alichukua shilingi 70,000, bati lake na kupachika keria vikiwemo. Rangi iliniondolea 25,000 nyingine. Ya plastiki niliinunua 30,000. Ukilinganisha kwa bei tu utasema nimepigwa, lakini ile plastiki haikumaliza hata msimu mmoja wa mvua, na hii ya sasa nimepita nayo matope ya Kibada na Kimbiji yakiwa mazito, mgongo mkavu.

Ukienda, nenda na pikipiki yenyewe, usipeleke picha kwenye simu. Tairi liwe lile utakaloendelea kulitumia. Langu ni la upana wa inchi 3, na nilipomwambia huenda baadaye nikaweka lenye meno makubwa ya njia mbovu, aliongeza nafasi pembeni kabla ya kukunja ukingo. Ukishakunjwa, hawezi tena kukupanulia.