Ndoo ya kuchachushia bia ya lita 30: inunue, lakini ifungue robine yake

Sisi tunaopika bia nyumbani hapa Lubumbashi huagiza kimea, hopsi (maua ya kuipa bia uchungu) na hamira kupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, bila taabu kubwa, lakini chombo cha kuchachushia ni mzigo mwingine kabisa. Ndiyo maana nilifurahi duka moja la vifaa vya jikoni katikati ya jiji lilipoanza kuuza ndoo nyeupe za plastiki ya chakula, zenye ujazo wa lita 30, kifuniko kinachokaza, kijimrija cha maji cha kupitishia gesi, na robine, yaani bomba dogo la kutolea bia, iliyofungwa karibu na kitako. Bei yake inakaribia mara mbili ya ile ya ndoo ya kawaida ya soko la Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi, na kwa maoni yangu ndoo inaistahili, ila kwa sharti moja: hiyo robine ifunguliwe vipande vyake na kuoshwa.

Ndoo yenyewe sina la kuilalamikia. Ndani ni laini, mistari ya lita inasomeka vizuri kutoka nje, na haina harufu ya plastiki. Muhimu ni kuiosha kwa kitambaa laini, kwa maana kila mkwaruzo wa sufi ya chuma huwa maficho ya vijidudu ambayo dawa haiyafikii.

Robine ni habari nyingine. Ina sehemu mbili, yaani mwili na kizibo kinachozunguka ndani yake, na bia kidogo hubaki katikati kila inapofungwa. Niliilowesha katika maji ya moto, nikasukuma kizibo kwa kidole gumba hadi kikatoka, na nyuma yake palikuwa na utando wa rangi ya kahawia, unaoteleza, wenye harufu ya maziwa yaliyochacha. Bakteria wa asidi ya laktiki hustawi mahali kama hapo, kwani hawahitaji hewa, na kusugua ndoo hadi ing'ae hakuwagusi. Kwa kuwa bia yote hupita kwenye robine ikielekea chupani, bia iliyotulia vizuri ndani ya ndoo huambukizwa katika hatua ya mwisho kabisa, na baada ya majuma machache huwa chachu, nyepesi mdomoni, na hufoka povu chupa inapofunguliwa.

Anayetaka kuhakikisha achote bia kidogo kutoka juu kwa kijiko kilichochemshwa, kisha akinge nyingine kutoka kwenye robine, azionje zote mbili kwa utulivu. Ya juu ikiwa safi na ya robine ikiwa na uchachu, mkosaji amejulikana. Chupa moja tu ikiharibika kati ya nyingi, basi alaumiwe aliyeosha chupa hiyo.

Kwetu jambo hili lina uzito zaidi kwa sababu nyumba nyingi hutumia chombo kimoja kwa bia na kwa munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi. Katika munkoyo, mizizi hugeuza wanga wa mahindi kuwa sukari, kisha bakteria wa jamii hiyo hiyo huleta uchachu tunaoupenda. Uchachu huo ukihamia kwenye bia ni hasara, kwa hiyo ninashauri kwa dhati kuwa na ndoo mbili, au angalau robine mbili.

Karatasi ya maelekezo inayokuja na ndoo inanisikitisha. Inamwambia mnunuzi aoshe kwa javeli, yaani dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, na asuuze mara moja tu. Klorini inayobaki hukutana na fenoli za kimea na hamira, na bia hutoa ladha ya dawa ya hospitali ambayo wengi huidhani ni uchafu, wakaongeza javeli zaidi na kuzidisha tatizo. Duka hilo hilo linauza dawa ya asidi ya fosforiki, ambayo kwa kipimo cha mililita 1.5 kwa lita ya maji haihitaji kusuuzwa, na povu lake halidhuru bia. Asiichanganye mtu na javeli, kwani mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, nayo ni sumu.

Ladha nyingine hazitokani na ndoo hata kidogo. Ladha ya mahindi yaliyochemshwa hutokana na kuchemsha kwa sufuria iliyofunikwa, na ile ya tofaa bichi mara nyingi ni ya bia iliyoharakishwa. Ndoo pia haikingi joto. Mwezi wa Oktoba chumba kinaweza kupita nyuzi 25, na hamira nyingi za bia aina ya ale zikipata joto hilo hutoa pombe nzito inayochoma koo, ilhali usiku wa Julai hupoa kiasi cha kuzilaza kabla hazijamaliza kazi, zikaacha ladha ya siagi. Siagi hiyo, ikiwa haikuletwa na bakteria, huondoka bia ikihamishiwa penye joto kwa siku mbili au tatu, ikiwa bado iko pamoja na hamira yake.

Ningeliomba duka lirekebishe karatasi hiyo na liuze robine pamoja na pete za mpira peke yake, kwa sababu kwa sasa anayepasukiwa na pete hulazimika kununua ndoo nzima. Mnunuzi naye aombe kuifungua robine pale pale dukani kabla ya kulipa: pete iwe laini bila ufa, na kizibo kitoke na kurudi kwa nguvu ya mkono.