Tahadhari kwa wenye magari Tanga: nimeuziwa kioo kilichokufa

Ndugu zangu, ninaandika nikiwa na hasira na, sitaficha, nikiwa na aibu, kwa sababu mimi ninayejifanya mjuzi wa magari mbele yenu kila siku nimetapeliwa shilingi 150,000 mchana kweupe, katika duka la spea za mtumba huko Ngamiani. Nilikuwa natafuta kioo cha kuchukua nafasi ya changu cha awali.

Nilichokitafuta ni kioo cha ndani cha kuangalia nyuma, cha aina ile inayojitia giza yenyewe inapomulikwa na taa za gari lililo nyuma. Muuzaji alikifungua kutoka kwenye gazeti, akakifuta kwa pindo la shati lake, akakiunganisha na betri iliyokuwa mlangoni, akabonyeza kitufe, na kitaa cha kijani kikawaka. "Umeona mwenyewe, shekhe? Kizima hicho." Kisha akawasha tochi ya simu, akakimulika huku akikigeuza taratibu kuelekea ndani, nami nikaona kweli kinaingia giza. Kumbe nililokuwa nikiliona ni giza la duka lake! Nilimwamini kwa sababu aliwahi kuniuzia pedi za breki ambazo hadi leo hazijanisumbua, na kwa sababu aliniapia huku adhana ya alasiri ikisikika; ni nani angemdhania mtu ubaya kwa wakati kama ule?

Usiku wa siku ileile nilitoka Muheza nikifuatwa na lori lenye taa kali, kitaa cha kijani kikiniwakia kwa dharau na macho yakinitoka machozi. Asubuhi fundi umeme alipofungua kasha, alikuta nyaya za kwenda kwenye kioo zimeliwa na kutu hadi zimekatika, na pembeni kasha limepakwa gundi mpya ambayo bado ilikuwa na harufu. Nilipokirudisha, muuzaji akasema kwamba fundi wangu ndiye aliyekiua.

Huyu afutiwe leseni, ashtakiwe polisi, na fedha yangu aitapike hadi shilingi ya mwisho, kwa kuwa anacheza na macho ya watu barabarani usiku.

Kitaa cha kijani, kwa taarifa yenu, huonyesha tu kwamba umeme umefika. Kioo hiki kina sensa mbili, moja ikitazama mbele ya gari na nyingine ikimtazama dereva. Izibeni ile ya mbele kwa selotepu nyeusi, mmulike ile ya nyuma, nacho kinatakiwa kukolea rangi ndani ya sekunde chache. Yeye hakuziba chochote, kwa hiyo mchana ule hata kioo kizima kisingebadilika. Kagueni pia gundi. Changu nimekiweka kwenye dashibodi, na anayetaka kukiona aje.